Nilivyokuwa Pua ya Baba

Maharage yaliungua baba akiwa amekaa pembeni yake.

Nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani. Harufu niliisikia tangu nyumba ya jirani, nikaanza kukimbia, maji yakanimwagikia mgongoni. Hapa kwetu Chanji, mtaa wa pembeni ya mji, upepo wa mwezi wa saba unauma, na maji ya kisima ni ya baridi kuliko upepo, kwa hiyo nilifika jikoni natetemeka. Nikamkuta baba kwenye kigoda, kaegemea ukuta, anachonga mpini wa jembe. Sufuria ilikuwa karibu na goti lake inafuka moshi mweusi. Akaniangalia akatabasamu.

"Umewahi," akasema. "Bado kidogo yaive."

Niliipua sufuria nikaiweka chini. Ndipo na yeye akauona moshi. Akaacha kuchonga. Tulitazamana, na mimi ni mtu wa kuangalia chini mtu akinitazama, hata shuleni napoteza maksi kwa sababu ya kuogopa kunyoosha kidole. Siku ile sikuangalia chini. Nadhani ndiyo maana aliniambia.

"Tangu lori," alisema. "Sisikii harufu yoyote. Hata ya choo. Hata nikiponda kitunguu saumu nikakibandika puani, ni kama naponda jiwe."

"Mama anajua?"

"Mama yako ana ya kwake yanamtosha. Na wewe hujui. Sawa, mama?"

Baba huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikasema sawa.

Baba yangu alikuwa mpishi. Sisemi hivyo kwa sababu ni baba yangu. Alipokuwa kijana alifanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi yenye duka hapa mjini, na mama wa nyumba ile ndiye aliyemfundisha viungo. Baadaye akaajiriwa kwenye hoteli ya umma, ile wanayofikia wakubwa wakija mkoani, akafika mpaka kuwa mkuu wa jiko. Nilipokuwa mdogo alikuwa akirudi nyumbani ananukia iliki, na mimi nilidhani baba wote wananukia hivyo. Halafu ikaja habari kwamba serikali haitaki tena kuendesha hoteli, anatafutwa mtu binafsi wa kuinunua, wafanyakazi wasubiri. Wakasubiri. Nyasi zikaota mpaka mlangoni, akabaki mlinzi peke yake.

Baba akaenda kupakia mahindi. Zamani mahindi yalinunuliwa na ushirika, sasa wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao mpaka Laela, na kila lori linahitaji watu wa kubeba magunia. Yeye, mtu aliyezoea kushika mwiko, akawa anapanda juu ya shehena kupanga magunia. Siku moja aliteleza kule juu akaanguka kwa kisogo. Damu ilimtoka sikioni. Alilala hospitali, akarudi, akawa anatembea na kutania kama zamani, ila chakula kikiwekwa mezani alikuwa anauliza, "Chumvi ipo?" Mama alikuwa anakasirika, anadhani anamkosoa.

Daktari alimwambia mama mbele yangu kwamba kichwa kile kisigonge tena kitu. Alisema hivyo tu, lakini alivyosema, mama alishika ukingo wa kitanda. Pamoja na hayo baba alirudi kwenye malori. Unga hauingii ndani wenyewe.

Basi ndiyo maana siku kijana mmoja alipokuja mbio uani kwetu na habari za kazi ya jiko, mama alikuwa wa kwanza kusimama. Kijana huyo alikuwa msaidizi wa baba kule hotelini, mtu wa maneno mengi.

"Shikamoo mzee jiko! Shikamoo mama! Hoteli imepata mwenyewe!"

"Marahaba. Kaa kwanza, utazimia," baba akamwambia.

"Sikai. Ni mzee mmoja Mhindi, mfanyabiashara kutoka Mbeya. Anatafuta mkuu wa jiko. Jiko la kule limebomolewa lote, wanaweka vigae, kwa hiyo anataka kila mpishi apikie kwake, alete Jumamosi saa saba. Na unajua anataka nini? Kuku wa Kihindi, lakini mwepesi. Daktari kamkataza mafuta. Kuku bila ngozi, viungo viwepo, pilipili kidogo, mtu mgonjwa aweze kula."

Mama akageuka kwa baba mikono iko kiunoni. "Kuku wa mtindi! Baba watoto, si yule wako yule? Si ndiye waliyekuwa wanamwagiza wakubwa wenye vidonda vya tumbo?"

"Ndiye," baba akasema.

"Basi kazi imerudi. Hushiki tena gunia la mtu." Akacheka peke yake. Sikuwa nimemwona mama akicheka tangu hospitali.

"Na mimi napeleka wangu," kijana akasema, anajikuna shingo. "Mzee usinichukie."

"Nikuchukie kwa nini? Hata kitunguu nilikufundisha mimi. Upeleke tu, wakione nilichovumilia."

Wakacheka wote. Baba alipocheka aliniangalia mimi.

Jioni ile alinipeleka nyuma ya nyumba na kopo lake la viungo. Akaniambia nifumbe macho. Akawa ananiwekea kitu puani, mimi nataja.

"Hii?"

"Mdalasini."

"Hii?"

"Giligilani. Lakini ya zamani, inanukia vumbi."

"Vizuri, hiyo tutanunua nyingine. Hii?"

"Sijui. Karafuu?"

"Usiniulize mimi, mama. Nikikujibu nitakuwa naangalia kwa macho. Sema wewe."

Nikanusa tena nikasema karafuu. Akasema mama wa nyumba ile ya Wahindi alimfanyia hivihivi, tena akikosea anapigwa kijiko vidoleni. Tulifanya hivyo siku zote mpaka Jumamosi, nikitoka shule. Alinieleza kwamba macho yake bado anayo na masikio anayo: binzari nyembamba ikiingia kwenye mafuta anasikia inavyolia, kitunguu kikibadilika rangi anakiona. Ila kuna mambo ambayo ni pua tu. Ubichi wa tangawizi unapotoka. Manjano inapoacha kunukia udongo. Mtindi unapokubaliana na viungo. "Hapo ndipo nitakuwa nakuangalia wewe. Usiseme ndiyo kwa kunionea huruma."

Nilikuwa sijawahi kutakiwa na mtu kiasi hicho. Nililala vibaya wiki nzima.

Jumamosi mama aliondoka asubuhi kwenda shambani kumalizia ulezi. Kabla hajaondoka alitukamatia kuku mwenyewe, mtetea mchanga, akamfunga miguu akamweka mlangoni. Kwa baba alisema tu, "Ukienda huko upite kwanza kwa fundi uchukue lile shati lako jeupe la jikoni. Nililipeleka likarudishiwe vifungo."

Baba alimchinja kuku lakini hakutaka maji ya moto ya kunyonyolea. Alimvua ngozi pamoja na manyoya yake, kama unavyomvua mtoto sweta. Kwetu ngozi ndiyo utamu wenyewe, nilisikia uchungu kuiona inaenda kwa mbwa. Akatoa mafuta ya manjano yaliyoshika kwenye kifua, mpaka punje ya mwisho, akakata vipande vidogo ili viive upesi. Akavipaka chumvi, manjano na ndimu.

"Nenda ukachukue mtindi," akasema.

Mtindi tunanunua kwa mama mmoja wa Kisukuma. Watu wake walihamia na ng'ombe wao kutoka kule kwao, na yeye huketi karibu na soko na vibuyu vyake. Vibuyu vile huvifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa, ndivyo maziwa hayaharibiki. Mtaani kwetu kila mtu ananunua kwake. Alinimiminia kwenye kibakuli, mzito, unatikisika kama ini. Nikarudi nao mbio.

"Ukoje?" baba akaniuliza.

Nikauinamia nikanusa. "Mzuri. Unanukia mtindi."

"Haujachacha sana?"

"Kidogo tu."

"Safi."

Akaanza. Nitaandika alivyofanya kwa sababu sijui kama nitamwona tena akifanya. Mafuta kijiko kimoja tu, akayazungusha kwenye sufuria mpaka yakaenea kama jasho. Binzari nyembamba ikalia. Kitunguu kilichokatwa nyembamba sana, na kila kilipotaka kushika hakuongeza mafuta, aliongeza maji ya kijiko. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa. Hapo akasimama, mwiko uko juu, akaniangalia.

"Bado," nikasema. "Unauma pua."

Akakoroga.

"Bado."

Akakoroga.

"Sasa."

"Una hakika?"

"Sasa, baba, usichelewe!"

"Haya bosi," akasema, na giligilani ikaingia, na nyanya moja iliyomenywa, na vipande vya kuku. Akapunguza makaa. Mtindi aliupiga kwa uma mpaka ukawa laini, akautia kijiko kwa kijiko huku anakoroga upande mmoja, maana ukimwagwa wote unakatika, maji huku na mapande huku. Haukukatika. Mchuzi ukawa wa rangi ya ua la boga. Mwishoni iliki mbili zilizopasuliwa na majani ya kotimiri. Nikanusa, nikafumba macho, na nakwambia nilimsikia baba yule wa zamani anarudi kutoka kazini.

"Sema," akasema.

"Ni kama ulivyokuwa unanukia."

Aligeuka akaanza kufuta hotipoti ambayo ilikuwa safi.

Tulikwenda kwa miguu, yeye kavaa shati jeupe lenye vifungo vipya, mimi nimebeba hotipoti kwenye kikapu. Kijana yule tulimkuta mlangoni na ya kwake. "Mambo?" akaniambia. "Poa," nikasema nikaangalia chini.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umepakwa rangi karibuni na sakafu imesuguliwa kwa sabuni, hata mwangwi ulikuwa msafi. Mezani walikaa wawili: yule mzee mwenye hoteli, amejifunga shali shingoni kwa baridi, na mwanamume mnene mwenye kalamu mfukoni, ambaye ndiye angekuwa meneja. Mzee alitusalimia vizuri. Akamwuliza baba alijifunza wapi, baba akamweleza, mzee akatikisa kichwa kwa kufurahi.

Wakafungua ya kijana kwanza. Mafuta yalielea juu, kiasi nilichoweza kukiona kutoka ukutani niliposimama. Mzee alionja kidogo akasukuma sahani taratibu. Nilisikia moyo wangu unapiga kwa furaha mbaya.

Halafu wakafungua ya baba.

Mle ndani, kwenye harufu ile ya rangi na sabuni, nilisikia moshi. Haukuwa mkali, lakini ulisimama peke yake kama mgeni asiye na kiti. Nyumbani sikuusikia kwa sababu nyumbani kila kitu kina moshi: kanga za mama, daftari zangu, nywele zangu. Kwangu mimi ule ndio mtindi. Tangu nizaliwe sijala mtindi mwingine. Kule hotelini zamani walikuwa wanatumia wa kwenye ndoo kutoka kwenye ng'ombe wa misheni, na hilo baba alilijua, ila pua ya kumkumbusha ndiyo hakuwa nayo.

Mzee alionja. Akaonja tena, akitafuta. "Mzee mwenzangu," akasema, "rangi nzuri sana. Nyama imeiva, mtindi haukukatika, mafuta sioni kabisa. Hii kazi ya mtu anayejua." Akaweka kijiko. "Lakini imeungua."

"Imeungua?" baba akasema.

"Chini imeshika. Nasikia moshi."

Baba akaniangalia. Nikatikisa kichwa, hapana, hapana. Aliona. Lakini angesemaje? Kwamba mtoto wake pale ukutani ametikisa kichwa?

Nikasema mimi. Sijui sauti ilitoka wapi. "Haijaungua. Ni kibuyu."

Meneja akacheka. "Kibuyu tena! Tumekuja kula au kupiga ramli?"

"Mwache binti," mzee akasema. "Kibuyu gani, mwanangu?"

"Cha mtindi. Wanakifukiza moshi."

Mzee akafikiri. Akamsogezea baba sahani na kijiko kisafi, kwa heshima kabisa, kama unavyomkaribisha mgeni. "Inawezekana. Basi wewe mwenyewe onja, mzee. Ni moshi wa kibuyu au wa kuungua? Na kama ni kibuyu, wakati unapika uliusikia?"

Baba alionja. Chumba kizima kilingoja, hata kijana aliacha kujikuna. Nilikuwa najua kilicho kinywani mwake: chumvi, ndimu, na moto wa chakula, basi. Nilimwomba Mungu aseme kibuyu. Neno hilo tu, nilishamwekea mezani.

"Imeungua, bwana," baba akasema. "Nilighafilika. Unisamehe."

Mzee alisikitika kweli, nilimwona. Alisema kwamba mkuu wa jiko hawezi kughafilika siku ya majaribio. Meneja akaandika kitu. Kijana hakutuaga, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Njiani baba alitembea mbele. Tulipofika kwenye mteremko nilimfikia nikamwuliza kwa nini. Nilikuwa nalia lakini upepo ulikuwa unatutoa wote machozi, kwa hiyo haikuonekana.

"Ningesema kibuyu, angeniuliza niliusikia au sikuusikia," akasema. "Nikisema niliusikia, mimi mpumbavu, nimempikia mgonjwa moshi. Nikisema sikuusikia, wameshanijua. Mpishi aliyeunguza, mama, kesho anaweza kuitwa tena. Asiye na pua haitwi hata kwenye msiba."

"Lakini haijaungua."

"Najua haijaungua. Uliniambia."

Mama alirudi jua linashuka, miguu imejaa vumbi la ulezi. Aliona hotipoti imejaa. Akaifunua, akachovya kidole, akalamba.

"Wamesemaje?"

"Nimeunguza," baba akasema.

Mama akanusa ndani ya hotipoti. Akanusa tena, ameinama nayo usoni. "Nani kasema? Hii? Baba watoto, huyu kuku hajaungua. Hata kushika hajashika. Na wewe ukakubali? Wewe?" Sauti ilikuwa inapanda. "Wewe uliyekuwa unarudisha chai yangu kwa sababu ya moshi wa kuni, leo uambiwe umeunguza, ukubali?"

Baba alikaa kwenye kigoda. Akamwambia yote, anaongea na makaa, si na yeye. Aliposema "tangu lori" mama aliketi chini palepale kwenye vumbi lake.

"Na huyu alijua?"

"Nilimkataza."

Mama alisema maneno kwa Kifipa, polepole, ambayo sitaandika. Hayakuwa matusi. Halafu akanawa, akasonga ugali, akatupakulia. Kuku alikuwa mtamu kupita wote niliokula maishani mwangu. Mama alimwuliza baba, "Unasikia nini ukila?" Baba akasema, "Moto. Na chumvi ikiwepo." Akamaliza sahani yake vizuri, kama mtu anayeshusha mzigo mahali alipoelekezwa.

Kijana hakupata kazi. Hotelini akaletwa mpishi kutoka Mbeya.

Jumatatu asubuhi nilimkuta baba uani anakunja gunia la kuwekea begani. Mama alisimama mbele yake.

"Usipande juu. Kaa chini uwe unapokea."

"Wanaokaa chini ni ndugu za tajiri mwenye lori."

"Basi usiende."

"Tule nini?"

Mama akasogea pembeni. Nilivaa sare nikaenda shule.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, na bado anapanda. Leo tena wamekwenda Laela tangu alfajiri, hawajarudi. Giza linaanza kuingia naandika haya mlangoni, kwenye mwanga uliobaki, na mama yuko barabarani na kanga yake kichwani, kila lori linalopunguza mwendo analisogelea.